Kolie ndogo, hasara kubwa: namna mafundi hufunga kolie ya resori mahali ambapo mkono haufiki

Wanaopita mlima wa Ngomo, kwenye barabara ya taifa nambari 5 kati ya Bukavu na Uvira, wanaijua picha hii: basi dogo limesimama kando, mvuke mweupe unatoka chini ya kiti cha shofa, abiria wameshuka na mizigo yao, na kijana mmoja ameshika bidoni anatafuta maji. Pale Kabasha, Kivu ya Kaskazini, kwenye barabara ya taifa nambari 2, mambo ni yale yale. Jioni mwenye gari anangoja versema yake, na shofa hana kitu mfukoni.

Mara mingi watu husema moteri imechoka. Lakini makanisiye akiinua kiti na kuchungulia ndani, anaweza kukuta kosa liko kwenye pete ya chuma isiyofikia upana wa vidole viwili: kolie inayobana diriti, ule mpira unaopitisha maji ya moto kati ya moteri na radiateri.

Resori au vis?

Magari mengi ya Toyota yanayobeba abiria katika miji ya Kivu hutoka kiwandani na kolie za resori. Kolie ya namna hii haina vis. Ni utepe wa chuma kigumu wenye masikio mawili. Ukiyabana kwa pensi, pete inapanuka. Ukiyaachilia, inajifunga yenyewe.

Faida yake inaonekana moteri ikishika moto. Diriti na mdomo wa chuma unaovalishwa hupanuka, na kolie inapanuka pamoja navyo. Moteri ikipoa, inarudi na kuendelea kubana. Kolie ya kawaida ya vis hubaki palepale ilipokazwa. Mpira ukizeeka na kupungua unene chini yake, maji huanza kudondoka, hasa asubuhi kungali baridi. Fundi akiikaza kupita kiasi, utepe wake unaweza kuukata mpira. Hiyo haimaanishi kwamba kolie ya vis haifai, ila inahitaji kuangaliwa na kukazwa tena kila mara.

Kwa wakaaji wa Goma na Bukavu, jambo hili lina uzito zaidi. Miji hii iko karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi karibu 95, si 100. Kifuniko cha radiateri hushikilia presio ndani, ndiyo maana maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kolie ikilegea, presio inatoka pamoja na maji, na moteri inachemka mapema, hasa mlimani ambako inafanya kazi ngumu na gari linaenda polepole. Kulasi ikijipinda au joini yake ikiungua, maji yanaweza kuingia katika mafuta. Hapo gari linalala garaji siku nyingi, na bei ya kolie haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya kutengeneza kulasi.

Kazi ya kupapasa

Shida ni nafasi. Katika Toyota HiAce, na katika zile Noah za zamani, moteri iko chini ya viti vya mbele. Katika magari madogo ambayo moteri yake imelala kwa upana, diriti za hita hupita nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kabini. Makanisiye hufanya kazi kwa kupapasa, na pensi ya kawaida inateleza kwenye masikio. Ndiyo sababu wengi huitupa kolie ya resori na kuweka ya vis, au hufunga waya na kipande cha shambreri. Dawa hiyo inaweza kufikisha gari nyumbani, lakini si ya kubeba nayo abiria kila siku.

Kuna pensi iliyotengenezwa kwa kazi hii: ina kable ndefu inayojikunja, mdomo mdogo wenye mfereji wa kushika masikio, na kifungo cha kuizuia ikiwa imebanwa. Mdomo unapita kati ya vyuma, mkono unabaki nje. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia pensi-eto, ile inayojifunga ikishika, mradi mdomo wake ufike masikioni bila kuteleza.

Kazi yenyewe huanza kwa kungoja. Radiateri haifunguliwi ikiwa moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya presio huruka na kuunguza uso. Moteri ikipoa, maji yanatolewa mpaka yawe chini ya diriti inayovuliwa. Kabla ya kugusa kitu, fundi hupiga picha kwa simu, ajue masikio yalikuwa yanaangalia wapi.

Kolie ikibanwa inasogezwa nyuma juu ya mpira, si kuachwa idondoke ndani ya moteri. Diriti inazungushwa kidogo ili iachie, bila kuichokonoa kwa turnevisi. Mdomo wa chuma unasafishwa kutu na chokaa. Ikiwa diriti ni ngumu kuingia, inaloweshwa kwa maji kidogo. Grisi na mafuta ya moteri huharibu mpira.

Kolie mpya huvalishwa diriti kwanza, kabla diriti haijasukumwa mahali pake. Masikio yanaelekezwa upande ambako pensi itaweza kufika siku nyingine, mbali na kuruwa na vantilateri. Kisha kolie inapelekwa nyuma ya ule ukingo ulioinuka kwenye mdomo wa chuma. Ikikaa juu ya ukingo, au nusu nje ya mpira, diriti inaweza kuchomoka. Ikiwa diriti ni ile ya zamani, kolie inarudi kwenye alama yake ya kwanza.

Saizi nayo haikisiwi. Kolie ikiwa kubwa haitabana hata ikiwa mpya. Iliyopanuliwa kupita kiasi, yenye kutu au iliyopinda, haifai kurudishwa. Miwani nayo ni ya lazima, kwa sababu kolie ikiponyoka kwenye pensi inaruka kwa nguvu.

Kabla ya kupakia abiria

Baada ya kujaza maji na kutoa hewa, moteri inaachwa iwake mpaka diriti ya juu na ya chini zote zipate moto. Fundi anaangalia kila kolie kwa taa. Kisha moteri inazimwa, inapoa kabisa, na anaangalia tena, kwa sababu kuna uvujaji unaojificha wakati wa moto na kuonekana wakati wa baridi.

Kwa shofa, ukaguzi ni wa dakika chache kila asubuhi, gari likiwa bado baridi: kuangalia doa chini ya moteri, kiasi cha maji katika chupa yake, na alama nyeupe au za rangi pembeni mwa kolie. Akiziona, aende kwa fundi kwanza, halafu ndiyo aende parking kutafuta abiria wa Uvira.