Rangi Sita Zisizo na Tafsiri Rasmi

Mtoto wa shule ya msingi Tanzania akiulizwa maana ya rangi za bendera, hasiti: kijani ni uoto, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji. Swali hilohilo ukiipelekea serikali ya Afrika Kusini, utajibiwa kwamba rangi zina maana tofauti kwa watu tofauti, hivyo isiwepo tafsiri moja ya wote. Wapo wanaodhani maofisa walizembea. Mimi nauona huo kuwa ujanja, tena wa lazima.

Turudi Machi 1994. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote umepangwa tarehe 27 Aprili na bendera mpya haijapatikana. Wananchi wameshatuma michoro zaidi ya 7,000, wapi! Ndipo Cyril Ramaphosa wa ANC na Roelf Meyer wa National Party wakabebeshwa mzigo, na mezani kwao ukafika mchoro wa Frederick Brownell, mkuu wa ofisi ya nembo za taifa, ambaye wazo lake alikuwa amelichora mwaka uliotangulia kwenye mkutano wa wataalamu wa bendera mjini Zurich. Mandela alikuwa Rustenburg. Akatumiwa kwa faksi, na faksi za siku zile hazikuwa na rangi. Ikabidi mtu aende dukani kununua penseli, mchoro upakwe rangi kwanza ndipo mzee autazame. Akaafiki. Tarehe 15 Machi baraza la mpito likaupitisha, zikiwa zimebaki wiki sita.

Sasa zitazame rangi zenyewe. Nyeusi, kijani na dhahabu ni za ANC tangu miaka ya 1920. Nyekundu, nyeupe na buluu zimo katika bendera ya Uingereza, zimo pia katika ile ya Makaburu wa Transvaal. Wengi huishia hapo: tatu za Waafrika, tatu za wazungu, kazi imekwisha. Hesabu hiyo haisimami. Bendera ya Transvaal ilikuwa pia na utepe mpana wa kijani, umesimama wima kando ya mlingoti. Kijani ni cha nani basi? Nyekundu nayo imewekwa kati ya nyekundu ya Mwingereza na rangi ya chungwa iliyokuwa juu katika bendera ya Afrika Kusini ya 1928, yenye asili ya Uholanzi. Katiba inaiita nyekundu ya pilipili.

Tuseme tangazo rasmi lingetamka kwamba nyekundu ni damu. Damu ipi? Ya waliopigwa risasi Sharpeville mwaka 1960, au ya Makaburu waliokufa wakipigana na Waingereza? Na kama nyeusi ni Waafrika na nyeupe ni wazungu, Wahindi wa Durban wangetaka kuonyeshwa rangi yao. Mjadala ungefunguliwa upya, na kura hiyo inakuja.

Ukimya huo, hata hivyo, una tundu. Umbo linalofanana na Y, mikono miwili inayoanzia mlingotini ikaungana kuwa njia moja, serikali inakubali lisomwe kama jamii mbalimbali zinazokutana na kusonga mbele pamoja. Kwa nini umbo lifasiriwe na rangi zinyimwe? Nadhani ni kwa kuwa umbo hilo halikuwa na mwenyewe, ilhali kila rangi ilikwisha kupeperushwa na fulani dhidi ya fulani.

Vitabu vya watoto na wauza zawadi za watalii hawangoji serikali: hii damu, hii mbingu, hii migodi. Waache wasome hivyo, mradi wasiseme ndiyo tafsiri ya taifa. Bendera hii ilianza kama ya muda, lakini katiba ya 1996 ikaibakisha, na jedwali lake la kwanza linaeleza mpaka upana wa utepe wa kijani, sehemu moja ya tano ya upana wa bendera, bila neno hata moja juu ya maana. Kwenye namna ya kuitundika hakuna hiari kama hiyo: ikiwekwa wima ukutani, nyekundu sharti iwe kushoto kwa mtazamaji.