Sheria Zinazolinda Mito ya Thika na Ruiru

Mito ya Thika na Chania hutoka katika milima ya Nyandarua, hukutana penye mji wa Thika, kisha maji yake huingia mto Tana. Maji ya mto Ruiru huishia katika mto Athi, ambao huko pwani huitwa Sabaki, nao humwagika baharini karibu na Malindi. Basi uchafu utupwao mtoni Thika au Ruiru haukomi hapo. Watu wakaao chini ya mto huteka maji yayo hayo kwa kupikia, kunyweshea ng'ombe na kumwagilia mboga. Sheria za mazingira zimewekwa ili mtu wa chini asidhurike kwa kazi ya mtu wa juu.

Tutwae mfano wa kahawa, zao lililojulikana sana katika nchi hii. Kahawa mbivu ikimenywa, maganda yake na ule ute mtamu huoshwa kwa maji mengi. Maji hayo hayana sumu kali, na kwa hiyo watu wengi hudhani kuwa hayana madhara. Lakini yakimwagwa mtoni huoza, na vijidudu vinavyoyaozesha huimaliza hewa iliyomo majini. Samaki hufa kwa kukosa pumzi, na maji hunuka. Yakiwekwa kwanza katika mashimo yaliyochimbwa mbali na ukingo, mto husalimika.

Zamani mambo hayo yalitawanyika katika sheria nyingi, kila idara na yake. Mwaka 1999 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, nayo ikaanza kutumika Januari 2000. Kwa sheria hiyo iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ijulikanayo kwa jina la NEMA. Mtu atakaye kujenga kiwanda kikubwa hapana budi achunguze kwanza madhara yatakayoyapata maji, ardhi na majirani, apate na kibali kabla ya kuanza kazi. Maana maji yakimwagika hayazoleki.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliongeza mambo mawili makubwa. La kwanza, hakuna kiwanda kilichoruhusiwa kumwaga majitaka mtoni pasipo leseni. La pili, ilikatazwa kulima au kujenga kandokando ya mto, kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kuanzia mahali ambapo mafuriko makubwa yalipata kufika. Wakulima wengine huona uchungu kuiacha ardhi hiyo yenye rutuba. Lakini majani na miti ya ukingoni huushika udongo. Ikikatwa, mvua ya masika huuchukua udongo ule wenye rutuba, na mkulima hupoteza lile shamba alilotaka kulipanua.

Katiba ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 42 humpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 husema kwamba mtu akiona haki hiyo inavunjwa aweza kwenda mahakamani, wala hana haja ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Hangoji mpaka ng'ombe wake afe. Mashauri ya namna hiyo husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo chake Thika. Atakayepatikana na hatia ya kuchafua aweza kuamriwa, zaidi ya adhabu yake, alipe gharama yote ya kusafisha alipopaharibu.

Hata hivyo, maofisa hawawezi kusimama penye kila ukingo usiku na mchana, na kwa sababu hiyo uchafuzi haujakoma. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 69, humwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali katika kulinda mazingira. Mwenye kuona maji yamebadilika rangi au samaki wanaelea na aandike siku, saa na mahali, kisha apeleke habari upesi kwa chifu wake au kwa ofisi ya NEMA, kabla mto haujaondoka na ushahidi.