Kichaa cha Mbwa: Mbio kati ya Virusi na Kinga ya Mwili

Kusini mwa kijiji cha Kewanja, wilayani Tarime, hupita Mto Mara, na ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti. Pande zote mbili mbwa hulinda boma na kuandamana na wachungaji. Lakini mbwa huyo huyo aweza kuleta kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa kawaida viini vya maradhi vikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu huvitambua. Baadhi huvimeza, na nyingine hutengeneza kingamwili za kuvishambulia. Je, mbona kinga hii hushindwa hapa? Virusi vya kichaa cha mbwa huingia jerahani pamoja na mate, kisha hujipenyeza katika mishipa ya fahamu na kupanda polepole hadi ubongoni. Humo njiani vimejificha, na kinga haipati habari. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Jeraha likiwa karibu na kichwa, huwa fupi zaidi. Kutoka ubongoni virusi hushukia tezi za mate, tayari kwa kuuma kwingine.

Mwendo huo wa polepole ndio nafasi yetu. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akapona. Chanjo huuamsha mwili utengeneze kingamwili kabla virusi havijafika ubongoni. Kwa kuwa kazi hiyo huchukua siku kadhaa, mwenye jeraha baya hupewa pia kingamwili zilizo tayari.

Hata hivyo, chanzo ni mbwa. Katika Wilaya ya Serengeti, mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na ushei tu. Kwa hiyo wengi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kwenda. Kampeni iliyoanza huko mwaka 1996 ilidhihirisha jambo hilo: ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, na asilimia 97 baada ya ya pili. Lengo linaloshauriwa ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia, maana watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka bila kinga.

Mwanafunzi akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kwani sabuni huharibu utando wa mafuta unaovifunika virusi. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, wala asingoje dalili. Dalili zikija, mbio zimekwisha.