Tita la Milango: Namna Waya Nyingi Zifanyavyo Kazi kama Njia Moja

Mitandao ya kompyuta imeleta katika Kiswahili mambo mengi ambayo majina yake bado hayajatulia, na jina lisilotulia huweza kumtia mtu hasara. Mfano mmoja ni kazi ya kutwaa milango miwili au zaidi ya swichi na kuifanya iwe kama mlango mmoja. Ikisemwa kwamba milango hiyo “imeunganishwa”, msikilizaji huweza kudhani kwamba waya 2 zenye uwezo wa gigabiti 1 kwa sekunde kila moja zimeyeyuka zikawa waya moja ya gigabiti 2. Sivyo, na yafaa kueleza kwa nini.

Swichi ni kisanduku chenye milango mingi ya kutia waya. Kazi yake ni kuipokea kila fremu ya habari na kuitoa kwa mlango ulio upande wa yule aliyepelekewa. Swichi mbili zikifungwa kwa waya mbili pasipo utaratibu wowote, hatari huzuka. Fremu iliyokusudiwa kwa wote hutoka kwa waya moja, hurudi kwa nyingine, kisha hutoka tena, wala fremu ya Itheneti haina ndani yake hesabu ya kuikomesha. Punde mtandao mzima hujaa na kusimama. Mwaka 1985 Radia Perlman, aliyekuwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alibuni itifaki ya kuiziba kila njia ya ziada mpaka itakapohitajiwa. Dawa ilifaa, lakini waya ya pili ikawa yakaa bure.

Kufunga milango pamoja ni jibu la upungufu huo. Kanuni yake ilitolewa na IEEE mwaka 2000 kwa jina la 802.3ad, na mwaka 2008 ikahamishiwa katika 802.1AX. Ndani yake mna itifaki iitwayo LACP, ambayo kwayo swichi mbili hupelekeana salamu fupi kila sekunde 1 au kila sekunde 30. Salamu zikikosekana kwa muda wa mara tatu, yaani sekunde 3 au 90, waya ile hutolewa katika kundi. Na waya ikikatika wazi, mlango wenyewe hutambua mara moja, nazo zilizobaki huubeba mzigo wake.

Je, mzigo hugawanywa vipi? Swichi haizitawanyi fremu ovyo, kwa kuwa fremu za mazungumzo mamoja zikipita njia mbalimbali zaweza kufika zikiwa zimepitana, ya nyuma ikawa ya mbele. Kwa hiyo hutwaa anwani za mpelekaji na mpokeaji, huzifanyia hesabu, na jawabu huchagua waya. Anwani zile zile hutoa jawabu lile lile. Basi mazungumzo mamoja hushika waya moja tangu mwanzo hadi mwisho. Waya 4 za gigabiti 1 zaweza kubeba jumla ya gigabiti 4 za watu wengi, lakini mtu mmoja anakiliye faili moja hapati zaidi ya gigabiti 1.

Hapa ndipo neno linapokuwa na uzito. Kuunga kamba ni kuirefusha, si kuinenepesha. Kusuka nako hakufai, kwa maana katika kamba iliyosukwa kila uzi huchukua sehemu ya kila mzigo. Lililo karibu zaidi ni tita la kuni. Kila ukuni hubaki ukuni, wala hauwi mnene kwa kuwa na wenziwe. Tita hubebwa kama kitu kimoja. Na ukuni mmoja ukichomoka, safari haikomi. Itifaki ndiyo kamba ya kulifungia.

Mwenye kulifahamu tita hatasahau pia kwamba lina ncha mbili. Upande mmoja ukiamriwa kufunga pasipo itifaki, na upande wa pili usijue, fremu huweza kupotea au kuzunguka bila kikomo. LACP hulinda dhidi ya kosa hilo, mradi walau upande mmoja uwe wa kuanza kusalimu; pande zote mbili zikingoja kusalimiwa, tita halifungiki. Tena waya zote zikiingia katika swichi moja, kufa kwa swichi hiyo ni kufa kwa tita zima.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga. Methali hiyo ni kweli kwa mtandao wenye watumiaji wengi. Lakini anunuaye waya ya pili kwa tamaa ya kuyaharakisha mazungumzo mamoja amenunua salama, wala hakununua mbio.