Chumvi, Sukari na Mlango wa Matumbo



Jambo hili tunaliona mara nyingi kwenye dispansari. Mama anafika asubuhi na mtoto mgongoni. Mtoto amehara usiku kucha, macho yameingia ndani, mdomo umekauka. Mama anataka serumu, kwa sababu serumu inaonekana: chupa inaning'inia, sindano inaingia mkononi. Sisi tunamtazama mtoto, tunaona bado ana nguvu ya kunywa, tunampa mama pakiti ya SRO na kikombe. Mama anakasirika. "Muganga, nimetoka mbali namna hii na unanipa chumvi na sukari? Si vitu hivyo viko jikoni kwangu?"

Mama huyo hana kosa, maana hakuna mtu aliyemweleza. Basi leo tueleze.

Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Kila seli imezungukwa na utando. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba ukipanga tando 100,000 moja juu ya nyingine, hupati unene wa milimita moja. Nao umefanywa hasa kwa mafuta. Ninyi mnaopika sombe mnajua tabia ya mafuta: mawese yanaelea juu, hayachanganyiki na maji.

Kitu kinachopatana na mafuta kinapita kwenye utando bila kubisha hodi. Oksijeni tunayovuta inapita hivyo. Pombe ya kasiksi pia, ndiyo maana inapanda kichwani upesi. Na mvuke wa zebaki, ule unaotoka mtu anapochoma dhahabu kwenye kikaango, unapita mapafuni, unafika kwenye ubongo, na kwa mama mwenye mimba unamfikia mtoto tumboni. Habari ya zebaki inataka ukurasa wake peke yake, lakini msichome kitu hicho ndani ya nyumba.

Chumvi ni kinyume. Ikiyeyuka katika maji haiwezi kupita kwenye mafuta, inahitaji mlango. Maji nayo yana milango yake midogo, lakini maji ni kama mtu asiyesafiri peke yake: yanakwenda upande ule ambako chumvi au sukari imezidi. Umeona samaki wa Ziwa Edward, wale wanaoletwa kutoka Vitshumbi na Kyavinyonge? Wakimpaka chumvi, maji yanatoka mwilini mwake na kufuata chumvi nje. Loweka maharagwe makavu usiku, asubuhi yamevimba: hapo maji yameingia, kwa kuwa ndani ya maharagwe ndimo vitu vimejaa. Shika jambo hili moja, mengine yatafuata.

Sasa twende kwenye matumbo. Seli za ukuta wa utumbo zina mlango mmoja wa ajabu. Fikiria bariyere ya kampuni yenye mlinzi mkaidi. Chumvi ikija peke yake, mlinzi anakataa. Sukari ikija peke yake, anakataa. Zikija pamoja, anafungua: sodiamu mbili (sodiamu ni sehemu ya chumvi) na glukosi moja, zote kwa mara moja. Zikishapita, maji yanazifuata. Nyuma ya ukuta huo kuna pampu inayofanya kazi usiku na mchana, kama ile inayotoa maji katika shimo letu: inasukuma sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili. Pampu ikisimama shimoni, mnajua kinachotokea. Mtaalamu wa Denmark, Jens Skou, alieleza pampu hiyo mwaka 1957. Ule mlango wa chumvi na sukari ulielezwa na Mmarekani Robert Crane huko Prague mwaka 1960.

Ni mambo ya maabara, utasema. Lakini angalia kolera, ambayo inarudi mara kwa mara katika Kivu yetu, hasa kando ya maziwa. Kijidudu cha kolera hakibomoi ukuta wa utumbo. Sumu yake inafungua mlango mwingine kabisa, wa kutolea chumvi, na ule mlango unabaki wazi. Chumvi inamwagika ndani ya utumbo, maji yanaifuata, na mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Baba mwenye nguvu aliyeshuka shimoni asubuhi anaweza kufa kabla ya usiku. Lakini ile bariyere ya chumvi na sukari, sumu haiigusi! Inaendelea kufanya kazi katikati ya ugonjwa. Kwa mlango huo tunarudisha maji upande huu wakati yanamwagika upande ule.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa katika kambi ya Bongaon nchini India. Serumu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru watu wapewe maji ya chumvi na sukari kwa kinywa, mara nyingi wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 kwa 100 walikuwa wakifa. Kwa maji hayo walikufa chini ya 4 kwa 100. Hapa kwetu tunakumbuka Goma, Julai 1994: karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, wengi kwa kolera na kuhara damu. Dawa ilijulikana tayari. Lakini watu walikuwa wengi mno, maji safi hayakutosha, na waliofikiwa walifikiwa wakiwa wamechelewa.

Tena wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, wengi huku Beni na Butembo waliogopa vituo vya afya, wakabaki na wagonjwa nyumbani. Ninaelewa woga ule. Lakini ugonjwa wowote unaohamisha maji mwilini unahesabu saa, si siku.

Sasa ona makosa tunayoyakuta. Wengine wanamnyima mtoto maji wakisema akinywa atahara zaidi. Ni kweli SRO haifungi kuhara siku hiyo hiyo. Kazi yake ni kurudisha kilichotoka. Wengine wanatoa maji matupu, na maji matupu hayana chumvi ya kurudishia ile iliyopotea. Wengine wananunua sukre ya dukani. Sukari yake imezidi, nayo inafanya kama chumvi kwenye samaki: inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni, na mtoto anahara mara mbili.

Na chumvi ikizidi ni hatari kubwa. Nilipokuwa mwanafunzi nilipima chumvi kwa kijiko cha kulia, tena kilichojaa mlima. Mwalimu alionja, akatema, akaniambia ninywe mimi kikombe kizima. Tangu siku hiyo ninaonja kwanza: maji hayo yasizidi chumvi ya machozi.

Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazishwa kwa kisu. Pakiti nayo, soma kwanza ni ya maji kiasi gani. Chupa kubwa ya bia haifiki lita, na chupa ya maji ya lita moja na nusu imepita. Wengi wanakosea hapo. Usichemshe baada ya kuchanganya. Yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine.

Mtoto chini ya miaka miwili apewe nusu kikombe hivi kila anapohara, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole zaidi. Maziwa ya mama yaendelee. Ndizi mbivu ni nzuri, ina potasiamu, ile ya pampu.

Mkimbize kwetu akiwa amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, anahara damu au maji meupe kama ya mchele, au ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Huyo atatiwa serumu, hatutabishana. Njiani endelea kumnywesha kama anameza.

Pakiti za SRO ziko kwenye dirisha la dispansari, hata usiku. Mlinzi anajua kumwamsha muuguzi wa zamu. Njoo na chupa unayotumia nyumbani, tutaipima na kuichora alama ya lita.