Bamba Jipya la Gitaa: Fuata Nyuzi, Usifuate Matundu

Pikigadi mpya ya gitaa la umeme ikishafika, wengi wetu huiweka juu ya mwili wa gitaa na kuanza kutazama kama matundu yake ya skrubu yanaangukia kwenye matundu ya zamani yaliyomo kwenye mbao. Yakilingana saba kati ya kumi na moja, tunaona kazi imekwisha, na yale manne yaliyobaki tunayalazimisha kwa bisibisi. Gitaa nyingi huharibiwa hapo hapo. Kwa gitaa la umbo la Stratocaster, bamba hilo la plastiki halipo kwa ajili ya kuzuia mikwaruzo tu. Limebeba pikapu zote tatu, swichi, na vidhibiti vya sauti na toni. Ukilivuta ili skrubu moja iingie, umevuta pikapu pia, na uzi wa pembeni haupiti tena juu ya sumaku yake. Mpigaji wa solo atasikia uzi wa kwanza umedhoofika, atahangaika na amplifaya, na chanzo ni skrubu.

Tofauti za matundu zina historia yake. Fender walipotoa Stratocaster mwaka 1954, bamba lake lilikuwa la tabaka moja jeupe, na lilishikwa na skrubu 8. Mwaka 1959 wakaingiza bamba la matabaka matatu lenye skrubu 11. Baadaye tundu moja likahamishwa, kwa hiyo bamba la mtindo wa 1962 na la kisasa, yote yenye matundu 11, hayalingani sawasawa. Ongeza viwanda vingi vya Asia vinavyotengeneza nakala za umbo hilo, kila kimoja na kiolezo chake, na hizo ndizo gitaa nyingi zinazopigwa makanisani na kwenye bendi zetu. Hakuna bamba linaloweza kuzifaa zote. Muuzaji akikuambia linaingia Strat yoyote, elewa kwamba litaingia baada ya kufanyiwa kazi.

Kazi yenyewe ianze bila skrubu hata moja. Acha shingo na daraja mahali pake, vua nyuzi nne za kati, bakiza uzi wa kwanza na wa sita, uzilegeze kiasi cha kuweza kuzisogeza pembeni. Gitaa likiwa na freti 22, ubao wa vidole hutokeza juu ya bamba, kwa hiyo itabidi ulegeze shingo kwanza ili bamba lipite chini yake. Funga pikapu zako kwenye bamba jipya, lilaze mahali pake, kisha zikaze zile nyuzi mbili kidogo. Sasa inama utazame kutoka juu, jicho moja. Uzi wa kwanza uko umbali gani kutoka katikati ya sumaku yake? Na uzi wa sita? Usitegemee kila uzi ukae juu ya kitovu cha sumaku, maana nafasi kati ya nyuzi hupanuka kuelekea darajani wakati nafasi ya sumaku kwenye pikapu nyingi za zamani ni ile ile kwa zote tatu. Unachotafuta ni pande mbili kulingana: uzi wa kwanza ukiingia ndani milimita moja, na wa sita uingie milimita moja.

Bamba likikataa kukaa hapo, tafuta linapogusa. Mara nyingi ni sehemu mbili. Ya kwanza ni kata ya shingo, ule mdomo unaokumbatia kisigino cha shingo. Kisigino cha kawaida kina upana wa takriban milimita 56. Kata ikiwa finyu zaidi ya hapo, bamba zima linasukumwa nyuma kuelekea darajani. Ya pili ni kata ya daraja lenyewe. Daraja la mkono wa kutetemesha linahitaji kuinama mbele, na likisugua plastiki, nyuzi hazirudi kwenye sauti yake baada ya kuutumia mkono. Acha uwazi wa nusu milimita hadi milimita moja mbele ya bati la daraja. Kwenye shingo uwazi uwe mdogo kabisa, unaoingia karatasi tu, kwa sababu hapo macho ya watu hufika kwanza.

Kinachopunguzwa ni plastiki. Mbao za mwili na kisigino cha shingo haziguswi, kwani bamba jingine linanunulika na shingo iliyochongwa hairudi. Chora mstari kwa penseli juu ya utepe wa karatasi uliobandikwa kwenye bamba, kisha tumia tupa bapa, ukisukuma kutoka usoni kwenda mgongoni ili plastiki ikimeguka, imegukie upande usioonekana. Mashine ya kukata yenye kasi iache. Mabamba mengi ya leo ni PVC au ABS, na yote mawili huyeyuka kwa joto la msuguano kabla hayajakatika vizuri; ukingo unabaki na uvimbe wa plastiki iliyoganda.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, nami naliona ndilo linalotenganisha kazi ya kawaida na kazi nzuri. Bamba la matabaka matatu lina ukingo uliolazwa, ndiyo maana unaona mstari mweusi mwembamba kati ya nyeupe mbili ukizunguka bamba lote. Ukichonga kata ya shingo, unaondoa ule mlazo, na mstari mweusi unasinyaa ghafla pale ulipopita na tupa. Jicho linaona hata kama mtu hajui kinachomsumbua. Urudishe: laza tupa laini kwa pembe ile ile ya ukingo wa asili, piga mapigo marefu, na utazame mstari mweusi ukipanuka hadi ulingane na jirani yake. Kisha msasa namba 400, halafu 600, uliozungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka. Msasa ukiushika kwa kidole peke yake utaukata ukingo mawimbi.

Tahadhari moja kwa mwenye gitaa la zamani kweli. Mabamba ya matabaka matatu ya mwanzo yalikuwa ya seluloidi, na seluloidi ya naitreti huwaka kwa kasi ya kutisha. Ukilisugua likatoa harufu ya kafuri, weka tupa chini na usilichonge. Tena seluloidi husinyaa kadiri miaka inavyopita, hivyo bamba jipya halitalingana na la zamani hata kama yote mawili ni ya kiolezo kimoja.

Vidhibiti navyo vina vipimo viwili. Vya Kimarekani vinahitaji tundu la takriban milimita 9.5, na vingi vya Asia ni milimita 7 au 8. Tundu likiwa dogo, lipanue taratibu kwa tupa ya mviringo. Drili ya mkono huinasa plastiki ghafla na kuipasua.

Sasa ndiyo zamu ya skrubu. Bamba likiwa limeshikwa kwa utepe pale nyuzi zilipolielekeza, toboa alama kupitia kila tundu kwa sindano kali. Tundu la zamani likiangukia karibu na jipya, kichwa cha skrubu chenye umbo la koni kitateleza kuelekea la zamani na kulivuta bamba. Kwa hiyo kila tundu la zamani lililo karibu lizibwe kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, likauke usiku kucha, ndipo utoboe upya kwa keekee ya milimita 2. Kabla ya kutoboa, zungusha keekee kinyume mara chache juu ya rangi ili isibanduke. Paka uzi wa skrubu nta ya mshumaa, ukaze kwa mkono, na usimame mara kichwa kinapogusa bamba. Ukiendelea, plastiki itapasuka kuzunguka tundu.

Ile karatasi ya plastiki inayolinda uso wa bamba ibandue mwisho kabisa. Kuibandua huacha umeme tuli, na kidole kikipita, spika hutoa mivumo ya kukatikakatika inayofanana na waya mbovu. Pangusa bamba kwa kitambaa chenye unyevunyevu kabla hujafungua tena gitaa kutafuta kosa.