Ugonjwa Unaofichwa kwa Haya

Yapo magonjwa ambayo mtu huyasimulia mbele ya jirani yeyote: kichwa, homa, mgongo. Yapo na mengine ambayo mume humficha hata mkewe. Bawasiri ni ya namna hii ya pili. Watu wazima wengi sana duniani huipata wakati mmoja au mwingine, lakini kwa kuwa hukaa mahali pa siri, kila aliyepatwa hudhani yu peke yake. Leo twataka kuisema wazi, kwa adabu, maana haya imekwisha kuwaponza wengi.

Tuseme yuko baba mmoja wa Manika, mjini Kolwezi. Kutwa hubeba magunia ya mawe ya shaba juani, akinywa maji kidogo tu. Jioni hula bukari ya unga mweupe na kipande cha samaki. Choo chake kimekuwa kigumu, naye hukaa chooni muda mrefu akijikamua. Siku moja aona damu. Anyamaza. Mwezi wa tatu anunua chupa ya dawa kwa mchuuzi wa njiani, asiulize ndani mna nini. Je, amekosea wapi?

Kwanza tujue bawasiri ni nini. Ndani ya njia ya haja kubwa, karibu na mlango wake, kila mtu ana mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo ikikazwa mara kwa mara hujaa damu, huvimba na kulegea. Basi, hiyo ndiyo bawasiri. Haitokani na uchawi wala laana, si matunda ya uzinzi, wala mgonjwa hamwambukizi mtu.

Ziko aina mbili. Ile ya ndani kwa kawaida haiumi. Dalili yake ni damu nyekundu ing'aayo, ionekanayo juu ya choo au katika karatasi. Pengine nyama laini hutokeza mtu akijikamua, kisha hurudi yenyewe. Ile ya nje hukaa chini ya ngozi: huwasha, huvimba, na damu ikigandamana ndani yake, hutokea ghafula kivimbe kigumu chenye kuuma sana. Maumivu hayo huzidi siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua polepole.

Sababu kubwa ni choo kigumu na kujikamua. Kuharisha kwa muda mrefu huleta pia, na uzee, na mimba. Akina mama wengi huipata miezi ya mwisho ya mimba au baada ya kuzaa. Wasione haya kumwambia mkunga. Na wenye kubeba mizigo mizito huku wamezuia pumzi huongeza mkazo katika mishipa ile ile.

Juu ya chakula tuna habari kutoka kwa jirani zetu wa Uganda. Daktari mpasuaji wa Ireland, Denis Burkitt, alifika huko mwaka 1946, akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba magonjwa kadha wa kadha yaliyojaa hospitalini Ulaya, bawasiri ikiwa mojawapo, yalikuwa haba kwa watu wa shamba wa Afrika. Naye alidhani sababu ni chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi, kisichokobolewa. Wataalamu waliomfuata hawakukubali kila neno lake, lakini shauri la kula nyuzinyuzi madaktari wangali wanalitoa mpaka leo.

Shauri hilo latuhusu sisi hasa. Kolwezi ulijengwa kwa ajili ya madini katika miaka ya 1930, na waliokuja kutafuta kazi waliacha mashamba nyuma yao. Mjini unga hukobolewa mpaka uwe mweupe kama chokaa. Lakini dawa ya kwanza ingali sokoni, tena kwa bei nafuu: sombe, lengalenga, matembele, maharagwe, viazi vitamu, mapapai, na unga wa mahindi usiokobolewa. Ongezeni vyakula hivyo kidogo kidogo, tumbo lisijae upepo. Tena nyweni maji mengi, hasa mfanyao kazi ya jasho, maana nyuzinyuzi bila maji hukaza choo zaidi.

Haja ikija, nenda mara moja, usiizuie. Wala usikae chooni ukingoja. Kwa kutuliza maumivu, kaa katika beseni safi la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, kisha jikaushe taratibu. Parasetamoli yaweza kusaidia. Aspirini isitumiwe kwa shauri lako mwenyewe, maana huzidisha kutoka damu.

Yako mambo ya kukataa kabisa: kujitia kwa bomba maji ya pilipili, ya tangawizi au ya mizizi, na kupaka dawa kali za kuchoma nyama. Mambo hayo huunguza utumbo, na wengine wametiwa jeraha baya kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa tumrudie baba yetu. Kosa lake kubwa si unga mweupe, ni kujihukumia mwenyewe kwamba damu ile ni ya bawasiri. Kichocho cha tumbo hutoa damu chooni. Kuhara damu vivyo hivyo. Hata saratani ya utumbo yaweza kuanza kwa damu kidogo isiyouma, nayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Kwa macho tu hakuna awezaye kuzitenganisha damu hizo. Kwa hiyo kila atokwaye na damu aende kupimwa. Asikawie hata siku moja ikiwa damu ni nyingi, choo ni cheusi kama lami, ana homa, kizunguzungu au maumivu makali. Vilevile aliyekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma kadhaa.

Huko hospitalini hapana la kutisha. Wengi hupona kwa chakula na maji tu. Bawasiri sugu ya ndani huweza kufungwa kwa kipete kidogo cha mpira mpaka ikauke na kudondoka. Wachache tu huhitaji kupasuliwa.

Wakristu wa zamani hawakuliona jambo hili kuwa aibu. Wenye bawasiri walimwomba Mtakatifu Fiacre, mtawa wa Ireland aliyeishi Ufaransa katika karne ya 7. Naye huyo huyo ndiye msimamizi wa watunza bustani! Basi ninyi akina baba, limeni mboga nyuma ya nyumba. Na mkiona damu, mwambieni mke wenu leo, na kesho mwende kwa daktari.